Mkono wa Saba

...na mikono mitatu bado iko juu, wa Kocha ndio ulionyooka kuliko yote, mpaka kwapa la fulana yake linaonekana lilivyofumuka, na Mzee Soksi akajisemea kwamba kwapa lile inabidi alishone leo leo kabla halijashuka ubavuni, uzi wa bluu upo, sindano ipo, lo, mtu mzima anaulizwa jambo zito namna hii na akili yake inakimbilia kushona kwapa, lakini ndivyo alivyo, miaka thelathini na mitatu ya kutunza vifaa vya klabu, ukimbana sana anajificha kwenye kabati la jezi, hata jina lenyewe walimbandika wachezaji kwa sababu hajawahi kupoteza soksi hata moja, na mwenyekiti anasema kwa ile sauti yake ya kubembeleza, "Mzee Soksi, waliokataa tumeshawahesabu, ni watatu, hukunyoosha, sasa tunahesabu wanaokubali, nao ni watatu, bado hunyooshi, sasa mzee wangu, uko wapi?" ...yuko wapi, yuko hapa, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mfupi, chini ya feni isiyozunguka, anasikia harufu ya dawa ya kuchua na ngozi iliyolowa, anasikia filimbi ya wasichana wanaofanya mazoezi nje, na swali ni rahisi, jukwaa jipya la uwanja liitwe jina la Kiberenge au lisiitwe, basi, na mchora herufi yuko huko nje na ngazi yake na makopo yake ya rangi, anapiga mluzi, anasubiri aambiwe aandike nini, na katiba ya klabu inataka wajumbe saba wapige kura wote saba, hakuna kukaa pembeni, ni mjinga gani aliyetunga katiba hii, ah, si hao hao, na yeye alikuwepo siku inapitishwa, akapiga makofi. Na jibu alikuwa nalo wakati anatoka nyumbani.

Jibu lilikuwa hapana, wala si hapana ya kufikiria, ni hapana iliyomkaa kifuani miaka kumi na minne, mkono ulikuwa umeshaanza kuinuka pamoja na wa Sajenti na wenzake wawili, umefika hapa, usawa wa kifungo cha pili cha shati, ila Kocha alikuwa ameshasema lile neno... hebu ngoja, kwanza Kiberenge, usimsimulie Soksi habari za Kiberenge, yeye ndiye aliyempa jezi namba saba ya kwanza, ikampwaya mpaka magotini, kijana mwembamba asiye na baba wala mjomba wa kumsemea, halafu apewe mpira pale pembeni, wee, beki anabaki anazunguka kama mtu aliyedondosha funguo, uwanja mzima unasimama, watu wasiojuana wanakumbatiana, mpaka vita vikaanza huko mpakani, orodha zikabandikwa, jina la Kiberenge likawa la nne, na watu wakasema bahati yake, huyo hafiki mstari wa mbele, atawekwa timu ya jeshi, atacheza mpira na kunenepa, naye akaenda pale ofisini walikokuwa wakiandikisha, akapewa mabuti, akayageuza akatazama nyayo kama alivyokuwa akitazama njumu kabla ya mechi, akayarudisha juu ya meza, la kulia kulia, la kushoto kushoto, akasema, "Haya sivai, mimi siendi kuua mtu," basi, hakuhutubia, hakupiga kelele, wakamfunga miaka minne, waliokuwa wakimshangilia wakamwita mwoga, wakachoma mabango yake, akatoka na goti lisilokunjika, akawa anaziba pancha za baiskeli nyuma ya soko, na jioni anawafundisha wasichana mpira akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mwezi uliopita amekufa, na leo wanataka kumwandika ukutani kwa herufi za urefu wa mtu, haya sasa, dunia hii, inakuvunja goti halafu inakupa jukwaa, na Soksi aliposikia habari hiyo alikuwa anapiga pasi, akaunguza kola.

"Mpira alikuwa anaujua, hilo sibishi," Sajenti alikuwa amesema muda si mrefu, akigonga meza kwa kile kiganja chake chenye vidole viwili, "lakini orodha haikai na pengo, akikataa wa nne anaitwa wa tano, mnanielewa, nafasi yake ilijazwa na mtoto wa mtu, sasa huyo mtoto wa mtu jukwaa lake liko wapi?" na wote wakamtazama Soksi, kisha haraka haraka wakatazama meza, kwa heshima, maana kila mtu chumbani mle anajua kwamba Soksi alitoa kijana wake, wa pekee, mwaka wa sita wa vita, na kijana hakurudi, na tangu hapo Soksi hajui tena foleni ni nini, mzee pita, mzee kaa, mpisheni mzee, hata watu wakorofi wakimwona wanapunguza sauti, naye anapita, anakaa, anapishwa, ameizoea heshima ile kama alivyozoea kiti hiki kibovu... alimpangia begi mwenyewe, kwa mikono yake, akalipanga kama anavyopanga la timu ikisafiri kucheza ugenini, nguo za kazi juu, na chini kabisa nguo za kurudia, shati jeupe, suruali ya kahawia, soksi mpya ambazo hazijatolewa karatasi, hizo haziguswi mpaka kipyenga cha mwisho, miaka yote ndivyo alivyofanya na hakuna mchezaji wake aliyewahi kurudi nyumbani na jasho la uwanjani, na kijana akasimama pale mlangoni akacheka, "Baba, kwani tunarudi Jumapili?" naye akamjibu, "Begi hupangwa hivi, usinifundishe kazi," na baada ya miezi kumi na mmoja askari wawili wakalileta begi, na yeye badala ya kuanguka chini alie kama watu alitumbukiza mkono mpaka chini kabisa, mkono unaijua njia wenyewe, akalikuta shati, mkunjo wake ule ule, pasi yake ile ile, soksi kwenye karatasi yake, maana vita havina kipyenga cha mwisho, hakuna anayewaita watu vyumbani wakabadilishe nguo, na mtu mzima mwenye mvi hakulijua hilo, alidhani ni mechi, alidhani mtoto anakwenda mechi ngumu kidogo... na Kiberenge alikuja msibani, ndiyo, hakuona haya kuja, akachechemea katikati ya waombolezaji na lile goti lake, watu wanampisha kama anayenuka, akafika mbele, akanyoosha mkono, akasema, "Mzee wangu, kijana wako alikuja kwangu ile Jumatatu..." na Soksi akatia mikono yote miwili mfukoni, akasema, "Toka," mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwona ana makosa, na Kiberenge akatoka, na sentensi yake ikakatikia pale pale.

Miaka kumi na minne Soksi amekuwa akiimalizia mwenyewe ile sentensi, kila akiliona goti lile linavuka barabara, kila akisikia kengele ya baiskeli, alikuja kwangu nikamwambia akatae, alikuja kwangu na wewe ukamzuia kunisikiliza, alikuja kwangu na angekuwa hai, akaimalizia kwa majivuno, akaimalizia kwa dhihaka, kila siku inatoka vingine na kila siku anamchukia upya, chuki ile ilimsaidia kuamka asubuhi, ukweli ndio huo, wengine wana dawa zao, yeye alikuwa na Kiberenge, mpaka dakika tano zilizopita, Kocha aliposimama, binti aliyemwona akikua pale pale uwanjani, akasema, "Mimi nimekaa na yule mzee miaka tisa, nisikilizeni, mnasema aliwaharibu vijana, hakumwambia mtoto wa mtu akatae, hata mmoja, walikuwa wanamfuata mmoja mmoja, wamejaa hofu, na neno lake lilikuwa moja, anawaambia, mimi sikuwa na baba wa kumuuliza, wewe unaye, rudi nyumbani kamuulize, akikuambia usiende atasimama na wewe. Hata yule wa..." akamwona Soksi, akaubana mdomo, akakaa, na mwenyekiti kwa haraka yake ya kuzima moto akasema basi tupige kura, na mkono wa Soksi uliokuwa umefika kwenye kifungo cha pili ukarudi pajani wenyewe... Jumatatu, ilikuwa Jumatatu kweli, siku ya kupiga pasi jezi za mechi ya juzi yake, unazigeuza ndani nje ili namba zisiungue, na kijana akaingia stoo bila kubisha hodi, akaegemea rafu, vumbi limemjaa viatuni, vumbi jekundu lile la nyuma ya soko, kwa nini hakuliona vumbi lile, aliliona, alimgombeza kwa kuchafua sakafu, na kijana akasema, "Baba, nataka kukuuliza kitu," "Uliza," "Kama mtu ameitwa, halafu hataki kwenda, afanyeje?" na yeye hakuinua macho, pasi ilikuwa ya moto, ukiiacha sekunde mbili inaunguza, akasema, "Mtu gani?" na kijana akasema, "Mtu yeyote," na mwanamume mzima, baba wa mtu, akatema maji kwenye jezi, akasema, "Huyo mtu yeyote mwambie akamuulize Kiberenge, ataonyeshwa goti," na akacheka kwa utani wake mwenyewe, na kijana naye akacheka, kidogo tu, kupitia puani, akasema, "Haya, baba," akakaa chini, akaanza kumpangia soksi mbili mbili, akazimaliza zote, ndoo nzima, na Soksi alifurahi, Mungu wangu, alifurahi, alisema moyoni huyu kijana ameshakuwa mtu mzima, na miaka yote hii amekiweka kile kicheko mahali pazuri, ndicho anachokumbuka usingizi ukikataa, mwanangu alicheka na mimi wiki ile ya mwisho... kumbe alicheka kwa sababu alikuwa anatoka huko huko. Ametoka kwa Kiberenge ametumwa kwa baba, amefika kwa baba anatumwa kwa Kiberenge. Ametembea na hofu yake kutoka soko mpaka stoo, akiisuka ile sentensi njiani, nitaanza hivi, nitasema mtu yeyote, nisiseme mimi, na amefika, na baba yake alikuwa na jezi kumi na tisa za kumaliza.

Na mama yake anajua, hilo nalo linamjia sasa hivi, lisingengoja hata afike nyumbani, mke wake alikwenda kumzika Kiberenge peke yake, akarudi amevua kitambaa, akaosha miguu, Soksi akamwambia umekwenda kumzika mwoga, na yule mama akamtazama tu, wala si kwa hasira, akaenda kulala mchana kweupe, mtu ambaye halali mchana, kumbe anajua, mtoto humwambia mama yake, anajua alikotoka siku ile na alikofika na alichojibiwa, na amekula naye meza moja miaka kumi na minne, amemsikiliza akimtukana Kiberenge kila jioni, hakumwambia, alimhurumia au alimwadhibu, haijulikani, Soksi hajui na ataogopa kuuliza, yeye huyu aliyewaita wengine waoga. "Mzee Soksi," mwenyekiti anasema, na Kocha anautegemeza mkono wake kwa mkono mwingine ila hashushi, na Soksi anauangalia wake pale pajani, mkono mkavu wenye kovu la pasi, ukiinuka wataniuliza imekuwaje, mzee wewe tena, na itabidi niseme, niseme mimi ndiye, si Kiberenge, si orodha, mtoto aliniomba neno moja nikampa utani, na usipoinuka nitatoka hapa nimeshikwa mkono, mzee pita, mzee kaa, na Kiberenge hatapata hata ubao, na wa kwangu atabaki chini vile vile, jukwaa liwe na jina lisiwe na jina, hata wakiandika usiku na mchana makopo yote yale ya rangi yaishe, hakuna herufi itakayoingia tena kwenye ile stoo na kuiweka pasi pembeni, kuinua macho, kusema, mtu gani, baba, ni wewe, basi usiende, nitasimama na wewe, ni maneno tisa tu hayo, kumi, alikuwa nayo yote mdomoni siku ile, mdomo ulikuwa wazi, alikuwa anacheka. "Mzee wetu," mwenyekiti anasema tena, taratibu, ameinama kumtafuta macho, "usijilazimishe, ukikubali sawa, ukikataa sawa, wewe umeshatoa ulichotoa, hapa hakuna mtu hata mmoja atakayekulaumu," na wote wakatikisa vichwa, Sajenti, wenzake, hata Kocha na mkono wake juu, na Soksi akawatazama mmoja baada ya mwingine, uso kwa uso, akitafuta walau mmoja wa kumlaumu, na hakumwona.