Akika ya Laika

Mfupa wa mbuzi wa akika hauvunjwi. Hukatwa kwenye maungio, ili mtoto akue akiwa mzima. Siku ile pale Pangani, Kibaha, mbuzi alisalimika mifupa. Wazee ndio waliovunjana.

Zahoro alikuwa akimpa jina mjukuu wake wa kwanza, binti wa mwanawe Seifu, kwani kwao jina hutolewa na babu mzaa baba. Tatizo lilikuwa babu wa upande wa pili, Mwinshehe wa Kisarawe. Ujana wao wote waligombania Mrusi na Mmarekani, nani bingwa wa anga. Mmarekani alipotua mwezini, Mwinshehe alicheka kupita kiasi, Zahoro akamng'oa jino. Watoto wao walipooana, wazee walipeana mikono kama watu wanaoshika kaa la moto.

"Mkwe," alisema Mwinshehe, akigawanya nyama kwa kisu, "usije ukamwita mtoto Sputiniki."

"Subiri, Mmarekani. Leo utaliziba hilo pengo lako."

Shehe alipomaliza dua, Zahoro akasimama. Jina hilo alilitunza tangu aliposikia, akiwa mtoto, redio ya Moscow ikitamka kwa Kiswahili safi: Laika, kiumbe wa kwanza kuizunguka dunia angani. Kwao wazee walipotaja kiumbe walimaanisha mwanamke. Basi akajua ni msichana shujaa, tena jina lenyewe linanukia malaika.

"Mjukuu wangu ni Laika!"

Vigelegele vikapaa. Mwinshehe midomo ikamcheza.

"Laika ni mbwa."

"Nani mbwa?"

"Mbwa, Zahoro! Mbwa koko, kaokotwa mitaani Moscow, kapakiwa chomboni. Umeipa damu yangu jina la mbwa, na Kurani iko hapa!"

Vigelegele vikakatika. Mwanamke mmoja alificha kicheko kwa kanga, na Zahoro akakiona. Akaunyakua mchi uliokuwa kinuni, akamshushia mkwewe begani. Mfupa ukalia kama kuni kavu. Mwinshehe akapiga yowe, akafyeka kwa mkono uliobaki. Kisu kilimchana Zahoro toka shavuni hadi kidevuni, damu ikarukia sinia la nyama. Wakaanguka juu ya ngozi mbichi ya mbuzi, wakikabana, wakiumana, wakikoroma. Seifu alijitupa kati kuwaamulia. Kisu kikamwingia kiganjani, kikatokea upande wa pili.

Ukelele wake ndio uliowatoa wazimu.

Zahoro alibaki chali, mdomo umejaa damu. "Mwinshehe. Alirudi?"

"Nani?"

"Huyo mbwa."

Mwinshehe alijiinua akaketi, bega limening'inia. "Hakurudi. Walijua tangu mwanzo kuwa hatarudi. Walitaka tu wawe wa kwanza."

Zahoro akamtazama mwanawe. Shehe alikuwa amemfunga kiganja kwa kilemba chake, na kilemba kizima kilikuwa chekundu.

"Basi jina nimelirudisha," akasema.

"Halikuwahi kupokelewa," akajibu Raudha, mke wa Seifu, toka mlangoni, kichanga kifuani. "Mwanangu ni Naila. Na ninyi wawili, baba zangu, msimguse mpaka mnawe hizo damu."

Wazee wakapakiwa bajaji moja kwenda hospitali. Njia nzima hakuna aliyetaja mwezi.