Nafasi ya Bwanaheri

Shangazi yangu Chausiku alikaa eda katika nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba, Ausi, aliingoja eda ile iishe kama watu wanavyoungoja mwezi wa Idi. Kumtoa mjane edani asingethubutu. Msikitini wangemtazama vibaya. Lakini misafara ilikuwa imeteremka Bagamoyo kutoka bara, huu haujaondoka ule umefika, na wapagazi walijaa mpaka wakalala kwenye baraza za watu. Chumba cha robo reale sasa mtu alikilipia reale nzima na akashukuru. Bilkis, mke wa muuza nguo jirani yetu, alipangisha hata chumba alichozalia wanawe, yeye na mumewe wakalala dukani juu ya marobota ya merekani.

"Joto, Mwanvita," aliniambia, "lakini niko juu kama bibi harusi."

Mimi nilitoka Kiwangwa kumtumikia shangazi: kuchota maji, kupika, kwenda sokoni, maana yeye alikuwa hatoki wala haonekani na wanaume. Nilitaka jambo moja tu, eda iishe nimrudishe kwa baba yangu, ambaye ni kaka yake, kabla mji ule haujammaliza. Alikuwa anakonda kila nikimtazama.

Ausi alianza kupangisha vyumba vya mbele. Halafu ukumbi. Halafu akaja na fundi na mizigo ya makuti, akasimama nje ya mlango.

"Bi Chausiku, kwema? Sikutoi, usiniseme. Nakigawa tu chumba. Peke yako, chumba kikubwa hivi cha nini?"

"Gawa, Ausi," shangazi alijibu kutoka ndani. "Ukimaliza unigawe na mimi."

Akajifunika gubigubi pembeni mpaka fundi akamaliza. Kiambaza cha makuti kilipita katikati ya chumba. Kitanda cha kamba alichofia mumewe, Bwanaheri, kikabaki upande wa pili, na upande huo ukatobolewa mlango wake wa uani.

Mpangaji wa kwanza alikuwa Mnyamwezi mwenye sugu begani kwa kubeba pembe. Asubuhi nilimkuta uani ananawa uso.

"Umelalaje?"

"Salama. Mzee wenu mpole sana."

"Mzee gani?"

"Huyo niliyelala naye. Nilipopanda kitandani alijisogeza ukutani akaniachia nafasi. Kakohoa kidogo, basi."

Nilicheka nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Aliendelea kunawa.

Ausi akaongeza mpangaji wa pili, kisha wa tatu, kitanda kile kile. Wote walisema neno lile lile: mzee amesogea. Nikangoja wakimbie. Hakukimbia hata mmoja. Nikamwuliza yule wa kwanza kama haogopi.

"Naogopa," alisema. "Nikitoka nitalala wapi?"

Nikaenda kumwambia Ausi, labda yeye ataingiwa na hofu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Anachukua nafasi kubwa?"

Shangazi sikumwambia, lakini alijua kabla yangu. Nilimwona akitandika mkeka wake na kulala ukingoni kabisa, mgongo umegusa ukuta wa udongo.

"Kule wamekuwa watatu," alininong'oneza. "Hana pa kulala. Amehamia huku."

Nikauweka mkono upande ule mtupu wa mkeka. Ulikuwa wa baridi kama mtungi.

"Sasa mimi natolewa eda ya nani?" akasema. "Mjane ni yule ambaye mume hayupo. Wangu yupo. Hapa sitoki, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoogopa, na sikumwogopa marehemu. Niliona shangazi atakauka juu ya mkeka ule. Alasiri nikajitanda kanga, nikaenda makaburini nimsomee Bwanaheri Fatiha na nimwombe arudi kwake.

Nilikuwa nimefika pale mara moja na baba, baada ya maziko, na palikuwa vichaka vitupu, mbali na nyumba. Sasa niliingia mtaa wa vibanda nisioujua, nikaendelea mbele nikiutafuta mwisho wake. Sikuuona. Mwanamke mmoja alikuwa anakoroga uji. Nikamwuliza makaburi yako wapi. Akanyoosha mwiko chini, miguuni pangu.

"Ni hapa hapa, dada. Kama unatafuta kiwanja, fanya upesi, nafasi imebaki kidogo."

Chungu chake kilikaa juu ya mafiga matatu. Figa moja lilikuwa jiwe la kichwani pa Bwanaheri. Nililijua kwa kipande cha sahani ya maua alichokipachika baba kwa mkono wake.

Nilirudi nikamweleza shangazi.

"Uji ulikuwa unachemka?"

"Ulikuwa unachemka, shangazi."

"Maskini," akasema. "Kumbe kafukuzwa."

Siku ya kutolewa eda wanawake walikuja wakamwogesha, wakamvika nguo mpya, wakaenda zao. Ausi alikuwa barazani tayari na wapagazi wanne wapya. Mimi nilikuwa nimejipa moyo kumvuta shangazi hata kwa nguvu. Haikuhitajika. Aliuchukua mkeka wake, akautandaza katikati ya chumba, akaulaza vizuri kwa viganja, akauacha.

"Mkeka je, shangazi?"

"Wake. Mimi baba yako atanipa pa kulala. Yeye atapewa na nani?"

Akanishika mkono tukatoka. Hatujafika kona tukasikia wapagazi wanabisha mlango wetu.

"Hodi!"

Ndani hatukuacha mtu.

"Karibuni," sauti ikajibu, kwa upole, kama ya mtu anayejisogeza.

Shangazi hakugeuka. Mimi niligeuka. Wale wanne walikuwa wanatazamana, mizigo vichwani, na Ausi nyuma yao anaangalia paa. Kisha wakainama, wakaingia mmoja mmoja.