Isdori wa Safu ya Pili

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa kumi alasiri, Coleta alipanda jukwaani katika ukumbi mmoja nyuma ya soko, Sumbawanga mjini, akaomba kipaza sauti kishushwe kidogo, maana Herieth aliyemtangulia ni mrefu. Herieth ni msusi, Coleta ni mkulima wa njia ya Kaengesa, wote Wafipa. Walikuwa wakichekesha watu hapo kila Jumamosi tangu mwaka uliopita. Upepo ulipiga bati na watu walikuwa wamevaa makoti.

"Nilikwenda Dar kumwona mgonjwa," Coleta alisema. "Wakati wa kurudi jirani yangu kwenye basi akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia Sumbawanga. Akahama. Na wa nyuma akahama. Nikalala viti viwili mpaka Mbeya. Sasa jamani, ningekuwa mchawi ningekata tiketi?"

Watu wakacheka. Ndipo Isdori, marehemu mume wake, alipoingia kwa mlango wa pembeni, akafuta viatu kwenye gunia la mlangoni, akatafuta nafasi safu ya pili.

Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne tangu azikwe, na koti la kahawia alilozikwa nalo lilimkaa vizuri kuliko zamani. Mwantum, mwenye duka la vitenge, alisogeza mkoba wake.

"Karibu, Baba Jenifa. Pole na safari."

"Asante. Ameshaanza?"

"Ndiyo kwanza."

Coleta alimwona, akafurahi mpaka akasahau mstari uliofuata. Akaamua kusimulia siku Isdori alipokuja kwao kumposa, akakaa kibarazani tangu asubuhi hadi mchana, na katika muda wote huo akasema neno moja tu, "Mvua." Mama yake Coleta akasema huyu anajua kulima, apewe mke.

"Ilikuwa inanyesha kweli," Isdori alisema kutoka safu ya pili, na ukumbi ukaangua kicheko.

Baada ya hapo alikuja kila Jumamosi. Enzi za uhai wake alikuwa mtu wa kutabasamu chini ya masharubu tu, lakini sasa alicheka waziwazi, akijipangusa macho kwa kofia. Coleta alianza kupaka mafuta mikononi kabla ya kupanda jukwaani. Herieth aliona, akanyamaza, na kwa Herieth kunyamaza ni kazi.

Shida ya Coleta ilikuwa moja, na ukumbi mzima uliijua. Shamba lao la ulezi, ambalo yeye na Isdori walilitoa porini kwa mikono yao, lilichukuliwa na shemeji yake Eustaki, mdogo wake Isdori, wiki moja baada ya arobaini. Eustaki alisema ni la ukoo. Karatasi hakuwa nayo yeye, wala Coleta hakuwa nayo. Shauri lilipangwa kusikilizwa kwenye baraza la kata Jumatatu ya mwisho ya Oktoba, na Coleta alitaka kitu kimoja tu: arudishiwe shamba kabla mvua hazijaanza.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shauri, Eustaki naye alikuja ukumbini. Alimkuta kaka yake, akamwamkia, akaketi karibu naye. Nyuma yao alikaa Mathias, katibu wa baraza, ambaye hakukosa Jumamosi hata moja.

Coleta aliwatazama wote watatu, akaanza.

"Mwaka ule tunafyeka pori, tulipiga matuta mia nne, yale yetu ya mviringo, majani yanafukiwa chini yaoze. Shemeji yangu huyu alikuja kutusaidia. Alileta jembe. Mpini tukatia sisi. Akalala kivulini. Jioni akaamka, akapiga miayo, akauliza, 'Tumefikia wapi?'"

Eustaki alicheka kuliko wote, akipiga goti.

"Akalala tena miaka kumi na tisa. Isdori alipokufa, akaamka. Safari hii hakuuliza tumefikia wapi. Alisema, 'Tumefika kwangu.'"

Isdori alicheka mpaka kofia ikaanguka. Alipoiokota, akasimama na kusema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "Ni kweli. Lile shamba ni la Mama Jenifa. Nilisema nikiwa kitandani, na Eustaki ndiye aliyekuwa ameshika taa."

"Kweli kaka, nilishika," Eustaki alisema huku akijifuta machozi ya kicheko. "Na mafuta ya moto yakanimwagikia."

Watu walipiga makofi wamesimama. Coleta alikwenda nyumbani akiwa mwepesi, na Jumapili kutwa alichagua mbegu.

Jumatatu Isdori alifika barazani kabla ya saa mbili. Mathias alimwamkia shikamoo, akampa kiti chenye mto.

"Mimi mwenyewe nilikuwepo, Mama Jenifa," Mathias alisema, "na mbavu zinaniuma hadi leo. Lakini yale yalikuwa ya shemeji na shemeji. Ni utani. Nikianza kuandika utani humu ndani, hakuna ndoa itakayobaki wilaya hii."

"Basi mwulize mwenyewe. Si huyu hapa?"

Mathias alifungua jalada, akatoa karatasi.

"Hiki ni cheti cha kifo. Nani alikileta?"

"Mimi."

"Sasa nitaandikaje kwamba amesema?"

Isdori aliomba akione. Alikisoma polepole, akasema tarehe ni sahihi.

Eustaki, alipoulizwa, alisema hakumbuki taa yoyote. Alisema kwa upole, akiangalia dirishani. Isdori akamkung'uta mdogo wake vumbi begani, kama alivyozoea kumfanyia asubuhi za shule. Baraza likaandika kwamba upande wa mdai hauna shahidi.

Njiani Coleta alilia bila kujificha. Isdori alitembea upande wa upepo ili amkinge, ingawa upepo ulimpita katikati.

"Ningekuandikia karatasi," alisema.

"Ungejuaje kwamba utakufa?"

"Nilijua. Niliona aibu kuandika mbele yako. Ingekuwa kama nakuaga."

Coleta alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, lakini ulikuwa wenyewe, na kidole kilichokatwa na mundu kilikuwa palepale. Walikwenda hivyo hadi njia panda ya makaburini, na hakuna aliyewasemesha zaidi ya salamu.

Mvua zilianza Novemba. Eustaki alipanda mahindi kwenye shamba lile, na yakakubali kuliko ya mtu yeyote, maana chini yake kulikuwa na majani ya miaka kumi na tisa. Coleta alikodi kipande cha mawe kando ya barabara. Jumamosi alichekesha, na kichekesho cha jembe kiliombwa kila wiki, mara nyingine na Eustaki mwenyewe.

Mwishoni mwa Februari, baada ya onyesho, Eustaki alimletea Coleta kikapu cha mahindi ya kuchemsha, bado yanafuka moshi.

"Shemeji, nimekukumbuka."

Wanawake waliokuwa mlangoni walisema shemeji kama huyu ni wachache siku hizi. Coleta akasema asante, maana ndivyo mtu anavyosema. Alikaa na Isdori kwenye benchi la nje, akachagua hindi kubwa, akamvunjia nusu. Wafu hawali. Isdori alilishika kwa mikono miwili apate joto lake, na Coleta, aliyekuwa hajala tangu asubuhi, alikula nusu yake yote. Lilikuwa tamu sana.