Mwisho Alioutunga Nzomo

Picha ile ilikuwa mbaya. Nzomo alijua ubaya wake kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyesimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti, akiwageuzia watu Kiingereza kuwa Kikamba na Kiswahili cha sokoni. Mwanamke anauawa katika mji mdogo wa Wazungu. Mpelelezi anakuja na kofia yake, anauliza huyu, anauliza yule, na kila mtu anaonekana mwongo. Halafu mwishoni inasemekana aliyeua ni dereva wa lori aliyepita tu, mtu ambaye watazamaji hawajamwona hata kisogo. Mpelelezi anapanda gari moshi, anakwenda zake.

Kitui mjini watu walirusha mawe. Kitambaa kikatoboka, na Njogu, dereva wa gari la sinema, akapeleka habari kwa kampuni ya sabuni iliyowatuma.

"Kikitoboka tena, Mkamba wewe, utarudi kwenu kuchunga mbuzi," alimwambia.

Nzomo alicheka, lakini mbuzi wenyewe hakuwa nao. Ukame wa mwaka ule, sabini na moja, ulikuwa umewamaliza. Kazi ya kipaza sauti ndiyo iliyolisha nyumba yake.

Walifika Mutomo mchana. Nzomo akaingia dukani kwa Othman kuomba maji ya rejeta ya gari. Baba yake Othman alitoka pwani zamani, lakini Othman mwenyewe alizaliwa Mutomo na Kikamba chake hakikuwa na kasoro. Alimpa maji, akampa na chai, akamweleza habari za mji. Miezi mitatu nyuma Nthenya, binti wa Mbinya, alikutwa amenyongwa kando ya kisima cha mchangani. Polisi walikuja siku moja, wakaandika, wakaondoka.

"Mimi ndiye niliyemwona mwisho," Othman alisema. "Alinunua mafuta ya taa, nikamwambia afanye haraka. Nilikwenda kwa polisi mwenyewe, sikungoja kuitwa."

Jioni uwanja ulijaa. Mbinya aliketi mbele kabisa, chini, miguu ameinyoosha. Picha ilipofika pale mwanamke anapokutwa amelala kando ya mto, watu walisogea mbele. Tangu hapo watu hawakutazama sinema, walitazama kesi yao. Mle ndani ya picha alikuwamo mwenye duka, mzee mwenye ndevu anayepima sukari huku akiangalia pembeni. Kila akitokea, uwanja ulinguruma. Mwisho ulipokaribia, Nzomo aliona mikono ikipapasa ardhi ikitafuta mawe, maana mwenye duka alikuwa bado hajakamatwa.

Mpelelezi alikuwa akieleza habari za lori. Nzomo akainua kipaza sauti.

"Mpelelezi anasema ni mwenye duka," akatangaza. "Yeye ndiye aliyemwona mwisho. Alijipeleka kwa polisi mwenyewe ili asishukiwe."

Hakuyafikiria. Maneno yalikuwa karibu na mdomo, na chai ya Othman ilikuwa bado tumboni. Watu walipiga makofi sana. Kitambaa kilipona. Mbinya peke yake hakupiga makofi.

Waliporudi baada ya mwezi, wakitoka Kathonzweni, duka la Othman lilikuwa limepigiliwa mbao. Mwuza chai wa sokoni alimsimulia Nzomo bila kuombwa. Baada ya picha ile wazee walimtaka Othman ale kithitu, kiapo ambacho Mkamba hachezi nacho, kwa sababu ukikila kwa uongo kinakumaliza wewe na watu wa nyumbani kwako. Othman akasema dini yake haimruhusu, ataapa kwa Msahafu, hata mara saba. Wazee wakasema kitabu ni chake, maiti ni ya kwao. Anayekataa kithitu ana sababu. Toka siku ile hakuna aliyenunua kwake hata chumvi, na akahamia Mwingi na mkewe Shufaa na watoto.

Nzomo hakwenda kwa wazee, aliwaogopa. Alikwenda kwa Mbinya, akamkuta akipepeta pojo, akamwambia yote akiwa amesimama: dereva wa lori, mawe ya Kitui, woga wake.

Ungo haukusimama.

"Nilikuwa nimeanza kulala usingizi," Mbinya alisema.

"Nisamehe, mwaitu, mama yangu."

"Na yule wa Mwingi, utakwenda kumwambia?"

"Nitakwenda."

Alisema hivyo, na wote wawili walijua kwamba nauli hana na moyo hana. Njogu alikuwa akipiga honi barabarani.

"Basi kama si Othman, ni nani?"

Mama yule aliweka ungo chini. Akageuza uso upande wa maboma ya jirani, akaanza kutaja majina ya wenyewe, mmoja baada ya mwingine, akianzia nyumba iliyo karibu.