Wimbo Usiokatwa

Kamaludin aliukata tena. Alipiga kiti kwa fimbo yake ndogo, nyuzi zote zikanyamaza, akasema warudi mwanzo, pale besi inapoingia peke yake.

Kadenge hakuinua upinde. Jasho lilikuwa limemlowesha shati hadi kiunoni, na wala si la joto. Marehemu nyanya yake alimfundisha jambo moja kuhusu wimbo huu wa hanga, kilio cha Wagiriama: huimbwa maiti akiwa ndani ya nyumba, na ukishaanzishwa haukatwi mpaka watu warudi kutoka makaburini. Sasa tangu asubuhi wanauanza na kuukata, wanauanza na kuukata, kama watu wanaojaribu mfereji wa maji. Na maiti hakuna. Ila Likoni, ng'ambo ya Feri, yuko Mbeyu mkewe, tumbo limeshashuka, na usiku hakulala kwa kuumwa na mgongo.

Na yote hayo, jamani, yalitoka kinywani mwake mwenyewe. Mchana Kadenge ni bawabu wa shule moja Ganjoni. Ndiko alikoikuta besi, ile fidla ndefu kuliko yeye, imeachwa stoo na mwalimu aliyehama, akajifunza polepole mpaka Okestra Ndogo ya Taifa ikamchukua, akawa anakwenda Nairobi mazoezini kila apatapo likizo. Okestra yenyewe ilianzia barazani kwa mstaafu mmoja wa bendi ya polisi, huko Nairobi, na kwa miaka mingi ilipiga muziki wa Wajerumani na Waitaliano waliokufa zamani. Baadaye ikaongeza taarabu, bila mwimbaji. Jubilei ya okestra ilipokaribia, Kamaludin, kiongozi wao, mzaliwa wa Mji wa Kale, akataka sherehe ifanyike kwao, na pawe na kitu cha pwani ambacho nyuzi zao hazijawahi kukipiga. Siku hiyo Kadenge alikuwa anafuta vumbi la ulimbo wa upinde kwenye besi yake, akivumisha wimbo puani bila kufikiri, vile mtu hufanya akiosha vyombo. Kamaludin akasikia, akamwomba aurudie. Kadenge naye, kwa kusifiwa, akaurudia wote, mwenzake anaandika. Hapakuwa na Mgiriama mwingine mle ndani wa kumfinya.

Wakati wa chai alimfuata Kamaludin, akamweleza kwa sauti ya chini huku akiona haya, maana yeye ni mtu wa kanisani na alijisikia anavyoongea. Kamaludin hakumcheka. Hilo lilimwogofya zaidi.

"Kadenge, ndugu yangu, miaka yote hii tumepiga nyimbo za watu. Leo tunapiga yetu, na mwenyewe ndiye anayekataa?"

"Sikatai, mwalimu. Naogopa."

"Waogopa nini hasa?"

Kadenge alishindwa kulitamka. Aliona akilitamka atakuwa amelielekeza nyumbani kwake. Alisema tu kwamba mkewe yu karibu kujifungua. Kamaludin akamwombea heri, kisha akamkumbusha kwamba mwanzo wote ni wa besi, hakuna mwingine wa kuushika, na wageni watafika baada ya alasiri.

Aliwaza kutoroka. Kweli kabisa, aliwaza kuiegemeza besi ukutani na kupanda tuktuk hadi Feri. Badala yake akampigia Mbeyu. Mbeyu akasema yu mzima, dada yake Emmah yuko naye, wanachambua mchicha. Akamtania kwamba ukimsikia mumewe utadhani ndiye mwenye uchungu. Kadenge alicheka, akarudi kwenye besi yake.

Ukumbi ulikuwa ghala la viungo zamani, na watu walijaa hadi mlangoni. Wajerumani wakapita, Waitaliano wakapita, taarabu ikawatikisa mabega kina mama wa viti vya mbele. Kisha Kamaludin akamtazama yeye.

Kadenge akauvuta upinde. Sauti ilitoka nzito, akaisikia kifuani kabla ya masikioni. Ndipo simu ikatetemeka mfukoni. Ikakoma, ikatetemeka tena. Nani huyo kama si Emmah? Wengine wote walijua yu kazini. Mkono ulitaka kuuachia upinde. Lakini akiuachia ameukata wimbo, na safari hii si mazoezi. Asipouachia, pengine Mbeyu anamwita sasa hivi, akiwa na maumivu, na yeye yuko hapa anaburudisha watu. Akapiga. Alipiga macho yameng'ang'ania ukuta, akimwomba Mungu kwa Kiswahili na nyanya yake kwa Kigiriama, na simu haikuacha kumtetemeka pajani.

Fidla zikaingia. Mara, kutoka nyuma kabisa, sauti ya mwanamke ikaitikia. Haikuwa kwenye karatasi za mtu yeyote. Watu waligeuka. Kamaludin naye aligeuka nusu, fimbo ingali hewani, lakini hakuukata. Alikuwa mama mmoja wa makamo, Mgiriama, aliyeletwa kuwaandalia wageni chai. Alikuwa amejifunga leso kiunoni, mkono mmoja kichwani, akiitikia kila mstari pale pale unapodai kuitikiwa, hadi mwisho.

Makofi yakalia. Wenzake waliinama kwa shukrani, yeye akabaki amesimama. Yule mama alipenya kati ya viti, machozi yakimchuruzika bila kuyafuta, akafika mbele na kumshika mkono ule wenye upinde.

"Pole, mwanangu," akasema. "Nimekusikia wauanza, nikasema siwezi kukuacha peke yako. Nani ametuondokea?"

Kadenge aliichomoa simu kwa mkono wa pili. Jina la Emmah lilijaa kioo kizima, kutoka juu hadi chini.

"Bado sijui, mama."

Mama hakumwachia mkono. Watu walikuwa wangali wanapiga makofi, na simu ikaanza tena.