Hodi ya Kutoka

Watu wazima, na ndevu zao na vitambi vyao, walikuwa wamejipanga mstari, wanaanguka.

Nilisimama mlangoni mwa ukumbi wa mazoezi nimemshika mume wangu mkono, nimeduwaa. Hakuna aliyekuwa anawasukuma. Mtu anafika mbele, anajikunja kama jongoo aliyeguswa, anajibwaga, anaupiga mkeka kwa kiganja, paa! Halafu anainuka na kurudi nyuma ya mstari kungoja zamu ya kuanguka tena. Dereva mmoja wa lori, mnene, wenzake wakimwita Bonge, alipotua chini vioo vya madirisha viliitikia.

"Fundi," mume wangu akaninong'oneza, "hawa ndio wa kutuokoa na vibaka?"

Nilicheka mpaka wote wakageuka. Na yeye akacheka. Tulikuwa hatujacheka pamoja muda mrefu kiasi kwamba sauti zetu zilinishtua, kama unavyoshtuka ukisikia redio uliyodhani imekufa ikinguruma yenyewe. Papo hapo nikaamua: ni hapa hapa, hatuendi kwingine.

Tuliitana Fundi, wote wawili. Yeye ni fundi wa lifti, mimi nashona mapazia. Watu walitutania kwamba nyumba yenye mafundi wawili ndiyo yenye bomba linalovuja. Hawakukosea sana, ila kilichokuwa kinavuja kwetu hakikuwa bomba. Mume wangu alikuwa ananitoka. Taratibu, bila ugomvi, bila kugonganisha sahani. Anarudi kazini kwa wakati, anakula, anasema asante, anageukia ukuta. Ukimuuliza una nini, anakujibu sina kitu, na ungempekua usingekuta kitu kweli. Heri ningekuta. Mwenye donda hujua pa kuweka dawa.

Halafu nikapigwa kabari. Nimetoka karakana jioni, nimebeba robota la kitambaa begani, mkono ukanizunguka shingo kwa nyuma, dunia ikawa nyeusi, na nilipopata pumzi simu haipo, mkoba haupo. Nilifika nyumbani natetemeka kama sindano ya cherehani. Mume wangu alinikumbatia mpaka mbavu zikaniuma. Akasema, "Lazima tujifunze kujilinda. Tutakwenda wote." Mmesikia hapo? Wote! Kibaka alichukua simu akanirudishia mume. Ningemjua ningempelekea na chaja.

Tukazunguka kuchagua. Kwenye karate walisimama safu safu wakapiga kelele na kuichapa hewa mateke, na hewa ilishindwa kila mara. Kwenye ngumi mume wangu macho yalimng'aa, lakini mimi nilivishwa glavu zenye jasho la mtu mwingine, nikaguswa pua kidogo tu, nikaona nyota na jua bado linawaka. Kisha tukafika kwenye judo, kwa hao waangukaji. Na nikaona kitu ambacho sikumwambia. Kule kwingine kote mtu anamkimbiza mwenzake mbali kwa ngumi na miguu. Hapa huwezi kufanya lolote bila kumshika. Unamkamata ukosi, unamkamata mkono wa sare, unamvuta kifuani, unasikia pumzi yake. Mume wangu nilimwambia nimechagua judo kwa ajili ya vibaka.

Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, masikio yake yamejikunja kama kitambaa kilichopigwa pasi na mtu mwenye hasira. Hakupenda maneno mengi. Mimi akaniita Mapazia, mume wangu akamwita Lifti, na mwezi mzima hatukufanya lolote ila kuanguka. Nilipanda ngazi za kwetu usiku na nyonga zinalia. Siku aliyotufundisha kabari ndipo alipozungumza kwa kirefu.

"Ukikabwa, ukaona huwezi tena, usijifanye shujaa. Piga hodi." Akampiga Bonge kiganja begani, pa-pa, kutuonyesha. "Bega, mgongo, mguu, popote mkono ulipofika. Sasa wewe uliyemshika, ukisikia hodi unafanyaje?"

"Unasema karibu," Bonge akadakia.

Tukaangua kicheko. Mwalimu alingoja kiishe.

"Huko nje hodi ni ya kuingia. Humu ndani hodi ni ya kutoka. Ukiisikia unaachia. Usiulize kama ameumia kweli. Usiulize kama anatania. Usimalizie ulichoanza. Achia kwanza, mazungumzo baadaye. Asiyeachia simtaki kwenye mkeka wangu, hata awe na nguvu za tembo."

Akatufanyisha hivyo mpaka ikawa si jambo la kufikiri tena. Pa-pa, unaachia. Pa-pa, unaachia. Kama kidole kinavyokimbia moto.

Jamani, nilizipenda jioni zile! Mwili wangu uliacha kunisaliti. Ngazi nilizipanda naimba, marobota niliyokuwa naomba msaada kuyainua nikawa nayarusha. Lakini si hilo. Pale mkekani mume wangu alinitazama usoni, maana usipomtazama mwenzako utajikuta unaangalia dari. Alinishika kwa mikono miwili. Grisi ilikuwa imeingia kwenye kucha zake na haitoki, na ukosi wa sare yangu ulikuwa na madoa ya vidole vyake. Wenzangu walifua sare zao mpaka zikawa nyeupe kama maziwa, mimi nikifua madoa yale niliyapitia mbali. Wengine walikuja kujifunza kuangusha. Mimi nilikuwa najifunza kushika.

Mwalimu aliliona. "Mapazia, unamkamata mtu kama anazama. Shika ili umwangushe. Hushiki ili akae."

Na jambo jingine nililiona mwenyewe, nikalipa maana niliyoitaka. Mume wangu alikuwa anapiga hodi mapema. Mkono wangu haujakaza, yeye tayari pa-pa. Nikasema moyoni, ni upole wake, hataki nichoke.

Basi Jumapili moja mchana nilikuwa sebuleni, pazia la mteja limenifunika magoti, pini zimejaa mdomoni. Akaingia, akasimama karibu na cherehani.

"Nimepata ile kazi."

Kampuni moja ilikuwa inajenga maghorofa katika mji wa mbali, inatafuta msimamizi wa mafundi wa lifti. Alikuwa ameomba bila matumaini. Nilizitema pini, nikaruka na pazia la watu, nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote mpya.

"Fundi! Tunahama lini? Nyumba wanatupa? Ina madirisha mangapi?" Kichwani nilishaanza kukata vitambaa. Sebuleni rangi ya mchanga, chumbani bluu iliyoiva. Nilikuwa nimefika kwenye bitana niliposikia, mgongoni kwangu, katikati ya mabega.

Pa-pa.

Mikono yangu iliachia. Mimi sikuiambia. Iliachia yenyewe, ikashuka, na katikati yetu pakabaki nafasi ambayo mtu mwingine angeweza kupita. Mume wangu akakitazama kiganja chake kama cha mgeni.

"Nilikuwa... nakupigapiga mgongo tu," akasema. "Nakupongeza."

"Aliyepata kazi ni wewe. Mimi unanipongeza kwa lipi?"

Akakaa juu ya lundo la vitambaa, na mimi nikabaki nimesimama, pazia likiburuzika miguuni kama mkia.

"Kuna mtu?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Usinifiche, Fundi. Nitavumilia."

"Hakuna mtu. Angekuwepo ningekuwa na cha kukwambia, ungenitukana, tungejua moja." Akajifuta uso kwa mkono wote. "Umewahi kuona lifti imekwama katikati ya ghorofa na ghorofa? Taa inawaka. Feni inazunguka. Unaikagua kamba nzima, mota nzima, na haipandi wala haishuki. Ndivyo nilivyo humu ndani. Na wewe hujaharibu kitu. Nimetafuta sana ulichoharibu, sijakiona."

"Si wewe ndiye fundi? Tengeneza."

"Nimejaribu." Sauti yake ikawa ndogo. "Unadhani kule kwenye mkeka nilikuwa nafanya nini? Hao vibaka mimi wananihusu nini?"

Hapo ndipo nilipokaa chini. Kumbe alijua. Kumbe kila jioni tulikuwa tunabeba sare zetu na kwenda kutafuta kitu kile kile, kila mmoja akimficha mwenzake, na tulikitafuta kwa bidii mpaka tukatoka jasho, na hakikuwepo. Ningeweza kumsamehe mtu mvivu. Mtu aliyejaribu utamdai nini?

Mama mkwe alinipigia simu kabla wiki haijaisha, ameshasikia kwamba mwanawe anaondoka peke yake. Tulipendana, mimi na yule mama. Hakupoteza muda na salamu.

"Mwanangu, nisikilize. Niliyemzaa namjua, ana moyo wa siagi. Siku ya kuondoka mlilie mlangoni. Mshike miguu. Ikibidi zimia."

"Mama, nizimie?"

"Tena uanguke vizuri, si nasikia mnasomea? Mimi nilizimia mara moja tu, baba yake akakaa miaka thelathini."

Nilicheka na machozi yananitoka. Kisha nikamuuliza, "Alikaa vizuri, mama?"

Nilisikia sufuria ikichemka upande wa kwake.

"Alikaa," akasema.

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Maana alichosema kilikuwa kweli, na ukweli wake ndio ulionitesa: nilikuwa na uwezo. Mume wangu hakuwa ameponyoka. Alikuwa bado yumo mikononi mwangu, na mimi sasa nilikuwa na mikono. Kilio kimoja tu. Angetua begi, angepiga simu kuikataa kazi, angerudi mezani. Angesema asante baada ya kila mlo mpaka tuote mvi.

Asubuhi aliyoondoka alivaa shati nililomnyooshea mwenyewe. Alifika mlangoni na begi lake, akasimama. Akageuka. Macho yake yalikuwa tayari yana maji, na alinitazama kama mtu anayengoja kusukumwa upande wowote, alimradi asukumwe.

"Husemi kitu, Fundi?"

Nilikuwa na mengi. Nilikuwa na mapazia ya bluu. Nilikuwa na watoto ambao tulishawapa majina ya utani kabla hawajazaliwa. Nilimsogelea mpaka nikasikia harufu ya sabuni ya kunyolea, nikanyoosha mkono.

"Zipu ya pembeni iko wazi," nikasema.

Nikamfungia.

Jengo letu halina lifti. Fundi wa lifti alikuwa anapanda ngazi ghorofa nne kila siku ya Mungu, na kila aliyetutembelea alilicheka hilo. Kwa hiyo nilimsikia akishuka, ngazi kwa ngazi, mpaka chini kabisa. Mlango wa jengo ukalia. Kisha kimya.

Kisha nyayo zikaanza kupanda.

Nilizijua. Ni zake, ila nzito, za polepole, za mtu ambaye kila ngazi anaifikiria kabla ya kuikanyaga. Ghorofa ya kwanza. Nikajifuta uso kwa kipande cha bitana kilichokuwa karibu. Ya pili. Nikanyoosha gauni, nikalaza nywele, nikaanza kupanga nitamwambia nini, nikaona hakuna haja, nitaweka maji ya chai tu. Ya tatu.

Zikasimama.

Chuma kikatua sakafuni, chini yangu kidogo tu. Nikasikia sauti ya bibi wa ghorofa ya tatu, yule mwenye magoti mabovu.

"Hapo hapo panatosha, mwanangu. Mtungi wa gesi huu ungeniua. Na wewe unasafiri na bado umenibebea! Wenzako wangenipita kama jiwe. Haya, nenda salama. Mkeo msalimie sana."

Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti, mlango wazi, na kama ningeinama kidogo tu juu ya reli ningemwona utosi.

"Zimefika, mama," akasema.

Akashuka.