Kitambaa cha Kubaki Kinywani

Muuguzi wa kliniki ya meno alikuwa hoi. Alikuwa ameunganisha zamu mbili, miguu imevimba hadi viatu vinambana, na sasa baba yake mzazi, fundi cherehani mstaafu aliyeng'olewa jino asubuhi hiyo, alikuwa amemharibia kazi.

"Nimekitoa," mzee alisema, akimwonyesha donge jeusi kiganjani. "Mmenisahaulia kitambaa mdomoni, tena kimeshaoza. Mimi nimeshona miaka arobaini, sijawahi kumwachia mteja hata pini."

Damu ikaanza upya kumtiririka kidevuni.

"Baba jamani! Hakijaoza. Si kitambaa cha kawaida, ni cha pamba iliyotiwa dawa. Kikikutana na damu kinakuwa cheusi, kinavimba kama uji, ndipo kinaziba. Mwili wenyewe unakimaliza. Hakitolewi!"

"Kwani nani aliniambia?"

Hakuna aliyemwambia. Kumwambia ilikuwa kazi ya binti, naye kwa uchovu alisahau. Hilo lilimuuma kuliko miguu.

Mzee alikuwa akinywa vidonge vya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya moyo. Kuviacha ni hatari, na kuvuja namna ile nako ni hatari. Daktari alichungulia pengo, akatikisa kichwa. "Kitambaa kimebaki kimoja tu. Kisiposhika, tunampeleka hospitali kubwa, na sijui atafika na hali gani."

Binti akavaa glavu, akakikunja kile cha mwisho, akakishindilia kwenye pengo, akaweka shashi juu yake na kubana kwa kidole.

"Dakika kumi. Usiongee, usiguse."

Kwa mzee yule, ambaye mdomo wake haukujua likizo, hiyo ilikuwa adhabu kali.

Binti akavuta kigoda kwa mguu, akaketi, akaegemeza kichwa kwenye kiti cha baba yake, macho kwenye saa ya ukutani. Dakika ya tatu aliiona. Ya nne hakuiona.

Aliposhtuka, nusu saa ilikuwa imepita.

"Nimelala! Mungu wangu, nimelala!"

Lakini kidole kilikuwa palepale. Mzee alikuwa ameushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, kuuzuia usianguke, vidole vikitetemeka kwa kuchoka, mate yamemlowesha kola.

Binti akainua shashi taratibu. Kitambaa kilikuwa cheusi, kimetulia. Damu haikuwapo hata tone.

"Mbona hukuniamsha, baba?" aliuliza, machozi yakimlengalenga.

Mzee akanyoosha taya kwanza.

"Si ulisema nisiongee?"